Jukwaa la kusimama kwenye uwanja mdogo Uskoti: idadi ya watu inahesabiwaje?

Mkaa_Ayrshire

Wakuu, habari za jioni. Naisaidia kamati ya klabu ndogo ya daraja la sita huku magharibi mwa Uskoti, na kombe limetuletea mechi kubwa nyumbani. Wiki za kawaida wanaingia watu 150 mpaka 200 na hakuna anayehangaika kuhesabu. Safari hii wanaweza kufika mara tano ya hao.

Upande mmoja tuna jukwaa la kusimama la zege. Urefu ni mita 40, kina ni mita 6 kutoka reli ya mbele hadi ukuta wa nyuma (njia za kupita nimeshazitoa), mteremko kama nyuzi 15, na limeezekwa bati lote. Katikati ya kina kuna mstari wa vyuma vya kuzuia msukumo, lakini vimebaki mita 24 tu. Mita 16 za upande wa mwisho viling'olewa zamani na havikurudishwa. Milango ya kuzunguka ya kuingilia ni miwili. Geti kubwa la kutokea lina upana wa mita 2.4, ila njia ya kulifikia inapita nyuma ya kibanda cha pai na hapo imebaki mita 1.2. Upande wa pili kuna geti dogo la mita 1.2, kwenye sakafu bapa, lenye kufuli.

Mwenzangu kwenye kamati anasema mita za mraba 240 zinabeba watu 1,000 bila tabu, na kwamba chini ya watu 10,000 sheria za usalama wa viwanja hazituhusu. Yuko sahihi? Na hesabu yenyewe inaanzia wapi?

Kipimo

Mkuu, nianze na hesabu, kwa sababu hiyo 1,000 ni hatari kweli.

Kitabu kinachofuatwa ni mwongozo wa usalama wa viwanja ambao watu wote wa kazi hii wanauita Green Guide. Ulitoka mara ya kwanza 1973, baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, na toleo la sita ni la 2018. Wenyewe si sheria, lakini halmashauri, bima na mahakama wanaanzia hapo.

Kwa watu wa kusimama, kiwango cha juu kabisa ni watu 47 kwa kila mita za mraba 10. Mwenzako amechukua 240 akazidisha kwa 4.7, akapata 1,128, akapunguza kidogo ili aonekane mwangalifu. Kosa lake si kuzidisha. Kosa ni ile 240. Haihesabiwi nafasi ambayo mtu anaweza kusimama. Inahesabiwa nafasi ambayo kuna chuma mbele yake cha kupokea uzito wa walio nyuma.

Angalia jukwaa lako kwa vipande viwili. Kipande cha mita 24 kina reli ya mbele na kina mstari wa katikati, yaani mita 3 kutoka chuma kimoja hadi kingine. Kwa mteremko wa nyuzi 15 na vyuma vyenye nguvu kamili, umbali unaokubalika ni takriban mita 3.8, kwa hiyo hapo uko ndani. Hesabu kina chote: 24 mara 6, mita za mraba 144.

Kipande cha mita 16 hakina chuma cha katikati. Mahali pasipo na vizuizi vya msukumo, mwongozo unakupa mita 1.5 tu nyuma ya reli ya mbele. 16 mara 1.5 ni mita za mraba 24. Zile mita 4.5 za nyuma yake zipo, mtu anaweza kusimama, lakini kwenye karatasi ni sifuri.

Jumla 168. Zidisha kwa 4.7, unapata 789. Na hapo bado hujagusa hali ya jukwaa.

Kuna vipimo viwili kati ya 0 na 1: kimoja cha hali ya jengo, kingine cha usimamizi wa siku ya mechi. Watu wengi huvizidisha vyote viwili. Si sahihi, unachukua kilicho kidogo. Ngazi zikiwa na nyufa na ukungu, ukajipa 0.7, unabaki na 552. Usimamizi ukiwa wa watu wanne wa kujitolea wasiofunzwa, bila redio, bila kumbukumbu za ukaguzi, mimi nisingekupa zaidi ya 0.5, na hapo jukwaa lote ni la watu 394.

Sasa milango. Idadi ya uwanja ni ile ndogo kuliko zote kati ya nne: wanaoweza kuingia ndani ya saa moja, wanaoweza kukaa salama, wanaoweza kutoka kwa kawaida, na wanaoweza kutoka kwa dharura. Mlango mmoja wa kuzunguka huhesabiwa usizidi watu 660 kwa saa, miwili 1,320, hapo huna shida. Kutoka: kwenye sehemu bapa ni watu 82 kwa kila mita ya upana kwa dakika, kwenye ngazi ni 66, na muda wa kutoka usizidi dakika 8. Hesabu pale palipobana kuliko pote, usihesabu geti. Geti lako kubwa ni la mita 2.4 kwa jina tu. Nyuma ya kibanda cha pai ni mita 1.2, kwa hiyo 1.2 mara 82 mara 8, watu 787. Na hiyo ni kama foleni ya pai haijasimama njiani, maana mtu mmoja mwenye pai mkononi na mtoto pembeni anakula sentimita 60 za njia yako.

Kisha jiulize siku ambayo njia hiyo imezibika wote wanatokea wapi. Jibu ni geti dogo, 787 tena, ikiwa tu kufuli halipo. Kwa hiyo uwanja mzima, pamoja na wanaosimama kuzunguka reli na waliokaa, usipite 787, na hata njia ya kibanda ikipanuliwa, geti dogo bado litabaki 787. Kuhamisha kibanda mita 4 ni kazi ya asubuhi moja, na bado ina faida kwa kutoka kwa kawaida.

Wakili_wa_Jukwaa

Kipimo kamaliza hesabu, mimi nishike upande wa sheria, kwa kuwa hiyo kauli ya "chini ya 10,000 hatuhusiki" inasikika viwanja vingi na ina ukweli nusu.

Nusu ya kweli: Sheria ya Usalama wa Viwanja vya Michezo ya 1975 inataka cheti cha usalama cha jumla kwa uwanja uliotajwa rasmi, na Uskoti kigezo ni watu zaidi ya 10,000. England na Wales kwa klabu za ligi za juu walishusha hadi 5,000, Uskoti haikushusha.

Nusu isiyosemwa ni kubwa zaidi. Sheria ya 1987, iliyopitishwa baada ya moto wa uwanja wa Bradford, England, wa 11 Mei 1985 uliouwa watu 56, iliongeza cheti cha jukwaa. Jukwaa lolote lenye paa linaloweza kuchukua watazamaji 500 au zaidi linahitaji cheti cha halmashauri, hata kama uwanja mzima ni mdogo. Ona neno "watazamaji". Haikusema viti. Kwa hiyo lile bati lenu lenye watu 552 wa kusimama liko ndani ya sheria, na mwenzako hajui. Anayeamua idadi ni halmashauri, si kamati. Msijiandikie 499 ili mpite. Wapigieni simu waje wapime, na wafanye hivyo wiki kadhaa kabla ya mechi.

Tena sheria hiyohiyo ya 1975, kifungu cha 10, inaipa halmashauri uwezo wa kuzuia au kupunguza watazamaji kwenye uwanja wowote ikiona hatari kwao ni kubwa. Uwanja wowote. Hata wenye reli na nyasi tu. Na nje ya hizo kuna wajibu wa mwenye eneo chini ya sheria ya Uskoti ya 1960, ambao haujali mlikuwa watu 50 au 50,000.

Msichanganyikiwe na habari za viwanja vya viti peke yake. Amri ya viti peke yake kwa klabu kubwa ilikuwa sheria ya England na Wales baada ya janga la msongamano la uwanja wa Hillsborough. Uskoti ilikuwa kanuni ya ligi kuu yenyewe, ikalegezwa Desemba 2011, na Celtic wakaweka viti vya reli vya kusimamia mwaka 2016. Madaraja ya chini hawakuwahi kukatazwa kusimama. Ndiyo maana Arbroath pale Gayfield, kando ya bahari kabisa, watu bado wanasimama, na Palmerston Park kule Dumfries lile jukwaa kubwa la kusimama lipo mpaka leo.

Jipya la kuliangalia: sheria ya ulinzi wa majengo dhidi ya ugaidi iliyopata idhini Aprili 2025 inahusu Uskoti pia. Ngazi ya kwanza inaanzia watu 200, ya pili 800. Kuna angalau miezi 24 ya maandalizi, ila klabu inayopanga bajeti sasa iiweke mezani.

FundiChuma

Nimeona watu wanahesabu "vyuma vya mita 24" kama vile vipo. Vipo, ndiyo. Swali ni kama vinabeba.

Chuma cha kuzuia msukumo chenye nguvu kamili kinatakiwa kustahimili kilonyutoni 5 kwa kila mita, karibu nusu tani ikisukuma kila mita moja ya bomba. Kimo chake ni kama mita 1.1, ili mtu mzima kimshike kwenye mbavu za chini na kiuno. Kikiwa juu zaidi kinabana kifua, kikiwa chini zaidi anapinduka.

Kinapofia si kwenye bomba la juu. Ni kwenye mguu, pale nguzo inapoingia zege. Maji ya mvua hukaa kwenye kile kishimo kidogo kuzunguka nguzo, chumvi ya kuyeyushia barafu inaongezeka, chuma kinalika kutoka nje na ndani. Juu kunapakwa rangi mpya kila kiangazi kwa rangi za klabu na panapendeza. Chukua nyundo ndogo na bisibisi butu. Gonga nguzo kuanzia juu ukishuka: sauti inayolia ni chuma kizima, ikibadilika kuwa ya kufifia karibu na zege, hapo kimekonda. Kwaruza rangi sentimita 5 za mwisho. Ukiona maganda ya kutu yanatoka kama magamba ya kitunguu, au bisibisi inazama, kipande hicho hakihesabiwi tena. Kiandike sifuri na umrudie Kipimo na hesabu mpya. Angalia pia zege lenyewe: ufa unaotoka kwenye nguzo kwenda ukingo wa ngazi maana yake kutu imevimba ndani na inalipasua.

Hiyo ni ya kuchuja tu. Jaribio halisi linafanywa na mhandisi mwenye jeki na vipimo vya kupinda. Chuma kinasukumwa kwa mzigo wa mara 1.2 ya ule uliokusudiwa, yaani kilonyutoni 6 kwa mita, unashikiliwa dakika 5, unapimwa kimepinda kiasi gani, kisha mzigo unaachiwa. Kikirudi angalau asilimia 75 ya kile kilichopinda, kinaelekea kufaulu. Kisiporudi, kinarudiwa jaribio au kinatolewa kwenye hesabu. Kila kipande kipewe namba, namba iandikwe kwenye ramani, matokeo yawekwe kwenye faili.

Msisahau reli ya mbele. Kwenye viwanja vingi vidogo ni bomba la kuzuia watu wasiingie uwanjani, halikujengwa kupokea msukumo wa jukwaa. Hesabu yote ya hapo juu imelitegemea kama kizuizi cha kwanza. Lisipofaulu, kila kitu kilicho nyuma yake kinashuka.

Mkaa_Ayrshire

Asanteni sana wakuu, tayari nimeshaona tulikuwa tunaelekea pabaya. Mjumbe mmoja ana mabomba ya jukwaa la ujenzi. Anasema ataziba zile mita 16 kwa bure kabla ya mechi, tupate nafasi yote. Pia polisi wanashauri tutenganishe wageni na wenyeji. Hilo jukwaa tunaligawaje?

FundiChuma

Mwambie hapana, kwa heshima. Bomba la ujenzi lina nguvu likishuka wima. Tatizo ni viungo na msingi. Kibano kinateleza likisukumwa kwa ubavu, na nguzo iliyofungwa kwa bolti za upanuzi kwenye zege la zamani la ngazi inang'oka na kipande cha zege. Baya zaidi ni kwamba mashabiki wakiona chuma wanakiamini, wanajaa nyuma yake. Mahali palipo wazi mtu anajihadhari mwenyewe.

Zile mita 16 zifungeni kwa uzio kuanzia mita 1.5 nyuma ya reli ya mbele hadi ukuta wa nyuma, humo wasiingie watu kabisa. Kama mna pesa baadaye, wekeni vyuma vya kudumu vilivyosanifiwa na mhandisi. Na wakati wa kusanifu, nafasi za kupita kati ya chuma na chuma zisipangwe kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini. Zikipangwa hivyo, watu wa juu wakishuka kwa goli hawakutani na kitu chochote mpaka reli ya mbele.

Kipimo

Kuhusu kugawa: ukigawa jukwaa, umegawa pia milango. Hilo ndilo linalosahaulika. Upande wa wageni ukibaki na geti dogo la mita 1.2 peke yake, hawana njia mbadala, na kila upande lazima uwe na hesabu yake ya kuingia, kukaa, kutoka na dharura. Pia choo na pai ziwe pande zote, la sivyo dakika ya 45 watu wanavuka uzio wenyewe. Katikati acha eneo tupu lenye wasimamizi, na eneo hilo litolewe kwenye mita za mraba.

Kwako mpaka wa asili ni zile mita 16 zilizofungwa. Lakini ukiwaweka wageni upande wa mwisho huko, watapata ukanda wa mita 1.5 mbele tu: mita za mraba 24, mara 4.7, mara 0.7, watu 78. Ni wachache mno kwa mechi ya kombe. Wawekeni wageni upande mwingine wa uwanja kwenye sakafu bapa kama ipo, watu wasimame kina kisichozidi mita 1.5 nyuma ya reli, na jukwaa liwe la wenyeji tupu.

Na mechi za ligi za kawaida msitenganishe bila sababu. Desturi ya mashabiki kuhama upande mapumziko ili wawe nyuma ya goli wanaloshambulia ni nzuri na haina madhara, mradi kila upande unaweza kubeba wote watakaohamia. Hapo ndipo watu 300 wanaojisikia wachache wanageuka wengi kwa upande mmoja.

Dada_wa_Geti

Niongeze ya siku yenyewe, maana karatasi nzuri haizuii geti kufungwa.

Uzeni tiketi kabla, kwa idadi iliyokubaliwa, na tangazeni mapema kwamba getini hakuna pesa taslimu. Mechi kama ile ya timu ndogo ya Darvel kuifunga Aberdeen ya ligi kuu 1-0 tarehe 23 Januari 2023 inaonyesha mji mdogo unavyoweza kujaa usiku mmoja; asiye na tiketi lazima ajue hivyo akiwa bado nyumbani. Kila mlango uwe na mtu mwenye kihesabio cha kubonyeza, na jumla ipelekwe kwa msimamizi mkuu kila dakika 10. Mtoto aliyebebwa juu ya mlango anabonyezwa pia. Mtoto wa mgongoni anabonyezwa. Hesabu ni ya miili, haina uhusiano na nani amelipa.

Wasimamizi wa vizibao vya kung'aa: anzeni na mmoja kwa kila watazamaji 250 wanaozunguka, kisha ongezeni wa kukaa mahali maalumu, yaani kila geti, kila kichwa cha njia ya kushukia, na mmoja mbele akiwa ameelekea watu, si mpira. Huyo wa mbele ndiye wa muhimu kuliko wote. Kazi yake ni kuangalia nyuso: watu wakiacha kupiga makofi, mikono ikiwa imebanwa chini, macho yakitafuta upande wa juu badala ya uwanjani, hapo tayari pamebana na mlango wa kuingilia upande huo ufungwe.

Kufuli la geti dogo litolewe kabla mlango wa kwanza wa kuingilia haujafunguliwa, na lipelekwe ofisini, lisiachwe likining'inia kwenye komeo, maana kuna mtu atalibana kwa mazoea. Geti lifunguke kwa nje. Mtu asimame hapo mwanzo hadi mwisho, hata mvua ikinyesha, na jaribuni kulifungua asubuhi kwa mkono mmoja. Majani na changarawe hukusanyika chini yake yakalikwamisha.

Barafu: mechi za saa tisa alasiri msimu wa baridi huisha giza linapoingia, na ngazi zilizokuwa na maji mapumziko huwa kioo filimbi ya mwisho ikilia. Mwageni chumvi na mchanga asubuhi, rudieni dakika ya 60 kwenye njia za kushukia. Sehemu yenye kivuli cha bati ndiyo inayoganda kwanza. Ukungu wa kijani usugueni kwa brashi ngumu wiki moja kabla, chumvi haiuondoi.

Kama mna jukwaa la viti la mbao, piteni chini yake na tochi. Bradford moto ulianzia kwenye takataka zilizojaa chini ya sakafu ya mbao. Jengo lenye hatari kubwa ya moto hupewa dakika 2.5 za kutoka badala ya 8. Kwa mlango wa mita 1.2 hiyo ni watu 246 tu.

Pombe na fataki pia. Baada ya vurugu za fainali ya kombe uwanjani Hampden, Glasgow, Mei 1980, Uskoti ilikataza kuingia na pombe, au na chupa na makopo, kwenye viwanja vilivyotajwa rasmi, na sasa masharti hayo yako ndani ya sheria ya 1995. Angalieni kama wenu umetajwa. Mienge ya moshi kuwa nayo tu viwanjani ni kosa chini ya sheria ya fataki ya 2022. Kwenye jukwaa la bati kama lenu moshi hauna pa kwenda. Watu wa nyuma husukuma mbele ili wapate hewa, na vile vyuma vya katikati ndivyo vitakavyopokea.

Mkaa_Ayrshire

Nimeshawaandikia halmashauri leo hii, wanakuja Jumanne na mkanda wa kupimia. Kibanda cha pai kinahama Jumamosi. Kufuli nitalichukua mwenyewe.

Kipimo

Vizuri mkuu. Wakija Jumanne wape ramani yenye vipimo vyote, ikiwemo pale palipobana mita 1.2 hata kama patakuwa pameshapanuliwa, na alama ya kila chuma mlichogonga kama FundiChuma alivyowaelekeza. Na kabla hawajafika, pima reli ya mbele ilivyo mbali na mstari wa uwanja, wataiuliza.